Mchapaji Aliyekataa Kufuta Kimyakimya

Asubuhi niliyoondoka Geita sikumuaga mtu, wala sikuwa na ninakokwenda. Lori la mbegu za pamba lilikuwa limesimama kando ya barabara, utingo anajaza maji kwenye rejeta, nikamuuliza wanaelekea wapi. Akasema Kahama. Nikasema hata mimi. Angetaja Bukoba ningesema hivyohivyo.

Walinishusha mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, nikakaa kibarazani kukwepa jua. Nyuma ya ukuta nikasikia mlio nisioujua. Taipureta naijua tangu shuleni, kabla sijaacha masomo darasa la sita, ile hubweka. Huu ulikuwa mlio wa kuku wanaodonoa punje kwenye ungo. Nikasogea dirishani. Ndani ameketi mama mmoja mnene, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, na mbele yake sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha. Mgongo wa sanduku ulielekea kwangu. Mama yule hakuinua kichwa.

"Unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Asiyetafuta mtu ndiye wa kuchunga."

Huyo ndiye mchapaji. Watu walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama desturi, lakini jina hilo silitaji. Alizaliwa wapi na kwa nani sijui. Kila aliyenieleza alinieleza lake. Wengine walisema aliwahi kuwa karani wa ushirika wa pamba Shinyanga, akaondoka na siri za watu. Wengine walisema aliondoka kwa sababu alikataa kuondoka nazo.

Nilikaa Kahama kwa sababu ya ile mashine. Nilitaka kujua maneno yanakaa wapi kabla hayajawa karatasi. Nilimuuliza hivyo siku ya pili, akanitazama kama mtu aliyeulizwa funguo za nyumba.

"Nani amekutuma uniulize?"

"Hakuna."

"Basi kaa upande wa huko, ukae kimya, utajua."

Upande wa huko ulikuwa mlangoni, ambako kioo cha mashine hakionekani. Hakuna aliyekiona isipokuwa mwenye barua, tena akiwa peke yake. Mume na mke wakija pamoja, aliuliza kwanza barua ni ya nani kati yao, yule mwingine akatolewa nje akasubiri na mimi. Kioo hicho alikifunika kwa kitambaa cha kufuma kila aliponyanyuka, hata kama ni kwenda kutema mate dirishani. Halafu mkoba wake wenye pesa za siku nzima aliuacha wazi juu ya kiti, akaenda sokoni kununua nyanya. Nilipomwambia ataibiwa alisema pesa ikiibiwa inajulikana kuwa imeibiwa. Maneno yakiibiwa mwenyewe anaendelea kutembea kifua mbele akidhani anayo.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, na nusu yake sikuielewa. Nilichokielewa ni kwamba hakumwamini mtu yeyote, na mimi nikaanza kujiuliza mtu asiyemwamini mtu ameficha nini.

Kazi yake ilikuwa kubwa kuliko inavyosikika. Miaka ile ya tisini dhahabu ilikuwa ikitajwa kila wiki mahali papya. Watu walihama na shoka na ndoo, na kila walipofika walihitaji maandishi: maombi kwa afisa wa madini, mapatano ya mwenye duara na mfadhili wake, malalamiko, kadi za kamati ya harusi, taarifa za msiba. Duara, kwa asiyelijua, ni lile shimo la kuchimbia dhahabu. Mwenye duara huleta shimo na mikono. Mfadhili huleta pampu, kamba na unga. Wanapatana kwa mdomo, wanagombana kwa mdomo, ndipo wanakumbuka karatasi.

Mtu alikuja, akasema maneno yake kwa Kisukuma, kwa Kisumbwa, kwa Kiswahili cha kuungaunga, na mchapaji akayaandika. Halafu akamsomea. Mtu akishasikia maneno yake yakisomwa na mwingine, huogopa. Anasema toa hapo nilipomtukana shemeji. Toa hapo niliposema nitamwachia mke mdogo ng'ombe wote. Mchapaji anatoa, anaandika upya, na anamwambia sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko sala: "Nimefuta. Hukusema."

Watu walitoka pale wepesi. Hukusema. Nadhani walimlipa kwa neno hilo zaidi ya karatasi.

Siku mashine ilipogoma, alikuwa akimwandikia katekista mmoja wa kutoka Ushirombo. Barua ilikuwa karibu kwisha. Mashine ikatoa mstari wa Kiingereza, na kila alipobonyeza ihifadhi, ikarudia mstari uleule. Mchapaji akavua miwani.

"Imejaa," alisema.

"Imejaa nini?" akauliza katekista.

"Maneno."

Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, "hata mimi nyumbani nimejaa, lakini sigomi."

Mwenye duka, ambaye ndiye aliyempangisha chumba na kumvutia waya wa umeme kutoka kwenye jenereta lake, alikuwa Mhindi mtaratibu, baba yake aliuza misumari na yeye aliuza misumari. Ndiye aliyemwita fundi wa kompyuta kutoka Mwanza. Fundi alikuja na tai na begi jeusi. Mchapaji alimwambia anawe mikono kwanza. Alidhani ni utani, akaona beseni limeshaletwa.

Nilikuwa mlangoni. Fundi alibonyeza, majina ya barua yakaanza kupita kiooni. Nilijua yanapita kwa sababu mwanga uliruka kwenye miwani ya mchapaji kama maji.

"Mbona kila jina lipo mara mbili?" mchapaji aliuliza.

"Hizi za pili ni za zamani, mama. Kila ukirekebisha barua, mashine inaiweka pembeni ile ya kabla ya kurekebisha. Ndiyo maana imejaa. Nusu ya diski ni hizi."

"Ile ya kabla."

"Ndiyo."

"Yenye tusi la shemeji."

Fundi hakujua shemeji yupi. "Yenye chochote kilichokuwemo. Sasa tazama, naandika amri moja tu, zinaondoka zote. Kabla hujamaliza chai nafasi itakuwa imepatikana."

Akanyoosha kidole. Mchapaji akamshika kiganja, kwa nguvu, yule kijana akageuka kunitazama kama anayeniomba msaada.

"Ondoa mkono wako hapo, mwanangu."

"Mama, ni takataka."

"Nimewaambia watu nimefuta, kumbe sijafuta. Nikizifuta leo kimyakimya, nitakuwa nimewadanganya mara ya pili ili wasijue ya kwanza."

"Lakini hakuna anayejua."

"Wewe unajua. Na huyo mlangoni anajua. Kahama ina watu wangapi wanaoweza kunyamaza?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Fundi naye, kwa kutaka kumtuliza, akaongeza jambo ambalo ingekuwa heri alimeze: kwamba hata kilichofutwa mashine haikipotezi papo hapo, na fundi mwenye programu yake anaweza kukirudisha. Mchapaji akakaa kitini polepole. Akafunika kioo.

Tangu siku ile alizikataa amri za mkato. Aliamua kila mwenye barua aambiwe kwamba maneno yake ya kwanza bado yapo, akubali yafutwe, na kama anaweza aje ashuhudie. Alifuta moja moja, mwenyewe ameketi kando yake. Kazi ya kubonyeza mara moja ikawa kazi ya msimu mzima. Waliohamia machimboni nilitumwa mimi kuwatafuta, na mtu kama mimi alifaa, kwa kuwa sikuwa na shughuli niliyoiacha.

Mwenye duka alijaribu kumrudisha. Alikuja kibarazani na glasi ya chai.

"Mama, mimi sijapata kumwambia mteja msumari gani umepinda kabla hajanunua. Akipiga nyundo atauona."

"Na akiuona anakurudishia?"

"Anarudisha."

"Mimi nitarudishiwa nini?"

Mwenye duka alikunywa chai yake. Nadhani ndipo alipoanza kuhesabu kuwa chumba kile kitakuwa wazi karibuni.

Nilifika Bugarama, nikazunguka kwenye makambi, vibanda vya turubai na nguzo, nikiuliza watu kwa majina yao ya barua. Ujumbe wangu niliukariri: mchapaji wa Kahama anakusalimu, maneno yako ya kwanza bado yamo kwenye mashine, anaomba ruhusa ayafute. Sijapata kuona salamu ikipokelewa vibaya hivyo. Mtu aliacha koleo, akanivuta pembeni.

"Kwa nini anauliza?"

"Anataka ruhusa."

"Mwenye nia njema hufuta tu. Huyu anauliza kwa sababu ameshasoma. Amemwonyesha nani?"

Mwingine alitaka kujua kama maneno yakifutwa huko, mkataba wake wa karatasi nao unakufa. Nilimwambia hapana. Akasema nimejuaje. Mama mmoja muuza pombe alisema asifute, anataka aisome ile ya kwanza, ndiyo aliyoipenda, ile ya pili aliandikishwa na woga. Katekista, niliyemfuata kwake Ushirombo, peke yake ndiye aliyejibu bila kufikiri: "Mwambie afute. Na Mungu naye asahau."

Nami kila niliporudi Kahama nilikuwa nikijiuliza. Labda kweli alikuwa ameonyesha. Labda kuuliza huku kote ni njia ya kujua nani anaogopa nini. Siku moja nilimkuta anacheka peke yake mbele ya kioo, na nilipotokea akakifunika haraka. Nilimuuliza anacheka nini. "Harusi," alisema. Harusi ya nani hakusema. Sikuwahi kumpa hata neno langu moja aliandike. Yeye hakuniuliza sababu.

Habari ile ilipomfikia mwenye duara mmoja, ndipo mambo yalipokwama. Mapatano yake na mfadhili wake yaliandikwa pale ofisini. Kwanza walisema nusu kwa nusu. Wakatoka nje, wakanong'ona, wakarudi wakasema mwenye duara achukue robo. Sasa duara lilikuwa limetema dhahabu, na robo ilianza kumwasha. Alikuja ofisini na kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma. "Nasikia ile ya nusu ipo."

"Ipo."

"Nichapishie."

"Haina sahihi, baba. Mlisaini ya robo."

"Karatasi mtu anaweza kuighushi. Mashine haimjui mfadhili wala haimjui mwenye duara. Mashine imeweka ile ya nusu kwa sababu ndiyo ya kweli."

Hilo ndilo watu walikuwa wameanza kuliamini mji mzima: kwamba mashine haikuacha kufuta kwa bahati mbaya, ilichagua. Maneno iliyoyatunza ndiyo yenye nguvu. Mfadhili naye aliamini hivyohivyo, ndiyo maana alikuja jioni ileile na vijana wawili, akataka ifutwe mbele yake sasa hivi. Mchapaji akawajibu wote jibu moja: barua ina wenyewe wawili, waje wawili.

Walikuja asubuhi ya soko. Nadhani nusu ya soko ilikuja nao. Mfadhili alikaa benchi la kulia, mwenye duara la kushoto. Fundi alikuwapo, alikuwa amekuja kumtazamia mwenye duka mashine yake ya hesabu. Mchapaji aliwasalimu, akamgeukia mwenye duara.

"Unaitaka ile ya nusu."

"Naitaka."

"Unaikumbuka yote?"

"Nusu kwa nusu."

"Faida nusu kwa nusu. Na hasara nusu kwa nusu. Duara likiporomoka, mazishi na watoto wa waliofukiwa mnawabeba wote wawili. Ulitoka nje ukanong'ona, ukarudi ukasema bora uchukue robo, wafu wawe wa mfadhili. Ndivyo ulivyosema, baba. 'Wafu wawe wake.'"

Wiki chache kabla yake vijana wawili walikuwa wamefukiwa ndani ya duara hilo, kila mtu aliwajua. Mama wa mmoja wao alikuwa hapohapo kibarazani na tenga lake la dagaa. Mwenye duara alizungusha kofia. Mfadhili naye, ambaye angepaswa kufurahi, aliangalia chini, maana hao wafu waliokuwa wake alikuwa hajawazika ipasavyo. Jeneza lililetwa moja kwa wote wawili.

"Futa," alisema mwenye duara.

"Futa," alisema mfadhili.

Kwa mara ya kwanza aliugeuza mgongo wa mashine ukutani, kioo kikaelekea kwa watu. Akabonyeza. Jina likaondoka.

"Zamani pia ulisema umefuta," mfadhili akasema. "Na huyu wa tai anasema kinarudishwa."

Watu wote wakamgeukia fundi. Fundi akasema kinaweza kurudishwa, ndiyo, lakini si rahisi. Neno "si rahisi" halikumfariji mtu.

"Basi diski yenyewe itoke," mfadhili akasema. Mwenye duara akaunga mkono, na ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu duara liteme. Lakini ikitoka ashike nani? Mmoja hakutaka mwenzake aishike, na wote hawakutaka mchapaji aishike. Mchapaji ndiye aliyemwambia fundi afungue sanduku. Ndani yake ulitoka mkebe mdogo wa chuma, mzito, wa kushikika kiganjani. Nilikuwa nimesubiri siku nyingi kuona maneno yanakaa wapi. Ulifanana na kopo la sadini.

Tuliupeleka, watu wengi, nje ya mji, kwenye duara lililokufa lenye maji ya kijani. Barua zote zilizobaki zilikuwemo humo, za walioruhusu na za wasioruhusu, na ile ya yule muuza pombe aliyetaka kuisoma. Mchapaji aliushika kwa mkono mmoja, mfadhili na mwenye duara wamesimama pande mbili. Akauachia. Tulisikia maji.

Wakati wa kurudi mfadhili alikuwa amechangamka. "Sasa nafasi imepatikana," akasema, watu wakacheka. Halafu akapunguza mwendo mpaka akawa sambamba na mchapaji. "Lakini mayu, umetusomea ile barua bila kuitazama. Neno kwa neno. Diski tumeitupa. Kichwa chako tutakifanyaje?"

Watu wakacheka tena, kidogo. Mchapaji hakucheka. Nilikuwa nyuma yake, nikaona mabega yake yanavyopanda.

Hakuna aliyerudi kuandikisha barua. Mwenye duka alimpa muda wa kutosha kabla ya kudai chumba chake, hilo nimpe haki yake. Watu walipomkuta sokoni walishusha sauti, hata waliokuwa wakizungumza habari ya mvua. Usiseme mbele ya yule, wanawake waliwaambia watoto, yule hafuti. Na mimi nilijikuta, nikikaa naye, nachagua maneno. Asubuhi moja chumba kilikuwa wazi. Sanduku la rangi ya maziwa lilibaki mezani bila kitu ndani, na kitambaa hakikuwepo.

Walisema amekwenda kuuza siri Dodoma. Walisema mfadhili amempeleka mahali. Niliyaamini yote kwa zamu.

Miaka ile haikuwa imekwisha nilipofika Ushirombo. Nilikuwa nimetoka Nkome, ambako nilibeba dagaa mpaka nikachoka kunuka, nikapanda gari lolote. Mvua ilikuwa inanyesha tangu njiani. Karibu na misheni nikaona nyumba ya wageni ya vyumba vichache, paa jipya, nikaingia ninachuruzika. Nyuma ya meza, chini ya taa ya chemli, yeye. Mvi zimeingia, miwani mipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chumba kipo kimoja, cha uani. Jina?"

Aliuliza kama anavyomuuliza yeyote. Nikasema moyoni amenisahau, nikashukuru. Machimboni kila mtu ana jina la kambi, na akihama anaweza kuliacha hapo kama turubai lililotoboka. Mimi nimepita nayo mengi. Nikamtajia lile nililokuwa nikilitumia Nkome.

Kalamu ilikuwa imeshagusa kitabu cha wageni. Akainyanyua.

"Kahama ulikuwa mwingine," alisema. "Na katekista, aliyewahi kukuona Geita, aliniambia kwamba huko, kabla ya Kahama, ulikuwa mwingine tena. Sikukuuliza wakati ule, wala sikumwambia mtu. Niandike lipi?"

Nilisimama. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mikono yangu hadi sakafuni kwake. Kuna vijana waliokuwa wakinitafuta kwa jina la Kahama, na wengine kwa lile la Geita, na nilifikiri juu ya kichwa kile kilichokuwa kimeyabeba yote mawili muda wote huo, sokoni, kwenye lori, hapa.

Nikamwambia lile nililopewa na mama yangu. Lilikuwa halijatoka kinywani kwangu siku nyingi, nikalitamka vibaya.

Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Na hilo ni la nani?"

"Langu."

"Wote husema hivyo."

Aliinama akaandika, polepole, mkono wa pili umekinga ukurasa. Kisha akafunga kitabu kabla sijaona ameandika jina gani, akanisukumia ufunguo.

"Mlango ni mgumu," alisema. "Usukume kwa bega."